Karatasi Kumi na Saba za Bizanti

Mimi hadi leo nikimwona mtu yeyote aliyekuwepo ukumbini siku ile, iwe sokoni Nyamisangura au stendi, natafuta duka la karibu niingie, hata likiwa la misumari, nashika misumari naulizia bei mpaka apite. Aibu ile haijaisha, imepungua makali tu. Na nyie mkicheka chekeni mapema mmalize, kwa sababu huko mbele mimi mwenyewe sicheki.

Ilikuwa miaka ile ya mashimo ya dhahabu, kabla wenye mitambo hawajaweka uzio, kijijini Kewanja kila mtu anachimba, mpaka katekista na mganga wa mifugo, na mimi nilikuwa mwalimu wa historia kwenye sekondari moja ya hukohuko. Kwa kuwa nilikuwa mgeni kuliko wenzangu nilipewa na kazi ambayo hakuna aliyeitaka, maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati mbili nyuma ya ofisi ya walimu. Moja ilijaa vitabu vya kiada vilivyoliwa na mchwa, na ya pili ilikuwa na ensaiklopidia ya sanaa ya dunia, juzuu kumi nzito kama matofali, kila juzuu na nchi yake au zama zake: Misri ya kale, Ugiriki na Roma, China, Uajemi, Afrika Magharibi, na kuendelea. Picha za rangi, karatasi nene inayong'aa, ukiifungua inanukia dukani.

Vitabu hivyo vilikuwa vya Mwalimu Nyamhanga, mwalimu wa kuchora aliyenifundisha mimi mwenyewe shule ya msingi. Alivinunua kimoja kimoja kwa miaka mingi ya mshahara wa ualimu (mnaujua), na alipostaafu kwenda kwao Mugumu akaviacha shuleni kwetu, akasema atafurahi vikiwa mikononi mwa Bhoke. Bhoke ndiye mimi.

Sasa siku moja saa ya chai akaja shemeji yangu Chacha, mdogo wake mume wangu, matope mpaka masikioni, ameshika kikaratasi cha daftari alichokunja kama dawa ya hospitali. Ndani kulikuwa na vumbi la dhahabu. Akanieleza shida yake. Karatasi ya daftari ina manyoya, vumbi linang'ang'ania humo, ukifika kwa mnunuzi anakung'uta mara moja kwenye mizani, anakutajia uzito, halafu karatasi yako anaitia kwenye debe lake, na jioni anachoma karatasi zote za siku nzima na kuokota kilichobaki kwenye majivu. Wachimbaji walikuwa wanalia na hilo debe kuliko walivyolia na mashimo kuporomoka. Kwa hiyo Chacha alitaka karatasi laini, moja tu, nyie walimu hamkosi.

Ningemwambia sina. Neno lenyewe fupi, mtoto wa chekechea analiweza. Lakini alikuwa amesimama pale na yale matope, na mimi nikaona nitaonekana mwalimu mwenye maringo, nikafungua kabati, nikachomoa juzuu ya Bizanti. Niliichagua hiyo kwa sababu hakuna aliyekuwa akiifundisha wala kuiuliza (Bizanti ni ufalme wa zamani wa Wakristo, watu waliopamba kuta za makanisa kwa vijiwe vidogo vya dhahabu, watakatifu wana macho makubwa hivi, na nyuma yao ni dhahabu tupu). Nikachukua wembe na rula, nikakata karatasi moja karibu na mshono, polepole, safi, huwezi kujua.

Chacha alirudi baada ya siku tatu anacheka. Vumbi lote lilimwagika kwenye mizani, halikubaki hata punje, karatasi akarudi nayo mfukoni. Na wiki hiyohiyo duara lao, ndivyo wanavyoita shimo lao la kuchimbia, likapiga mwamba mzuri. Basi wenzake wakaunganisha mambo wanavyojua wao, kwamba karatasi ile imechorwa dhahabu na mwenye macho anailinda dhahabu yenzake, na wakaanza kuja. Karatasi ya macho, mwalimu. Kuna aliyekuwa baba mdogo wa mume wangu, huyo unamkatalia vipi. Kuna mzee wa kanisa. Kuna kijana aliyenibebea mtoto hadi zahanati siku ya mafuriko. Hela sikuchukua hata senti (kilo moja ya sukari nililetewa, hiyo siihesabu), na kila nilipokata nilijiambia hii ni ya mwisho, huku nikiruka karatasi chache ili pengo lisionekane, mwizi mwenye adabu zake.

Halafu mkuu wa shule akatusomea barua ofisini. Mwalimu Nyamhanga atakuja siku ya wazazi, anataka kuvitembelea vitabu vyake, na tumpokee kwa uangalifu kwa sababu macho yamepofuka kabisa, haoni hata mchana.

Niwaambie jambo baya kuliko yote katika mkasa huu. Niliposikia mwalimu wangu amekuwa kipofu, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu. Nilishusha pumzi. Mungu anisamehe, niliishusha kabisa mpaka mwenzangu wa hisabati akaniangalia.

Nafuu hiyo haikufika jioni. Mkuu aligeuza barua, kumbe ina upande wa pili, akasoma kwamba Mwalimu angependa Bhoke amfungulie kurasa atakazozitaja na kumsimulia picha zilizomo mbele ya wazazi, wazazi waone kazi ya vitabu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Nilikwenda kwenye mashimo na kanga kichwani nikiwatafuta watu wangu mmoja mmoja. Mmoja karatasi ilishalowa na mvua ikawa uji. Mwingine alimpa binamu yake aliyevuka Sirari kwenda Kenya. Mwingine akanitazama kwa huruma akasema, mwalimu, sisi hatukopeshi bahati. Chacha alikuwa kwenye machimbo ya mbali, sikumpata. Mwisho nikaisukuma juzuu ya Bizanti chini kabisa ya kabati, nyuma ya vitabu vya mchwa, nikaomba sala ambayo sidhani kama ilifika.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazazi wa Kewanja wakati huo nusu ni wachimbaji, wamekuja na mashati safi na kucha chafu, na Chacha naye nikamwona nyuma, kumbe amerudi jana yake. Mwalimu Nyamhanga aliingia ameshikwa mkono na binti yake, koti lilelile la kaki. Nikampa shikamoo. Akanishika mkono akauachia taratibu, akasema mikono yangu ni ya baridi, niko salama? Nikasema niko salama, Mwalimu.

Alianza na Misri, ukurasa wa tisini na moja, nikamsimulia boti na wapiga makasia, akawa anatikisa kichwa kwa furaha na kuniongezea nilichosahau, maana alikuwa anazijua zote kwa moyo, kila kidole cha kila mtu. Tukaja Uajemi, vizuri. Tukaja Afrika Magharibi, wazazi wakapiga makofi kwa vile vichwa vya shaba. Mimi jasho linanitiririka mgongoni lakini naanza kuamini nitavuka.

Kisha akasema, tumalizie na Bizanti.

Nikasema sauti ya chini kwamba hiyo nadhani iko kwa mwanafunzi. Mkuu wa shule, mtu mwenye bidii mahali pasipohitajika, akasema hapana hapana, haijaazimwa, akaenda mwenyewe, tukasikia vitabu vinaanguka huko ofisini, akarudi nayo ina vumbi la mchwa, akaniwekea mezani.

"Ukurasa wa mia na kumi na mbili," akasema Mwalimu. "Malkia na wahudumu wake. Niambie wa mwisho kushoto kwako ameshika nini."

Nikafungua. Kulikuwa na mia na kumi, halafu kiukingo chembamba cha karatasi, halafu mia na kumi na tatu na picha ya nguzo. Nyie, hamjawahi kuangalia mahali pasipo na kitu kwa nguvu namna ile. Nikasema ameshika mshumaa.

Mwalimu akaniambia niangalie vizuri, pengine mwanga ni mdogo. Nikasema samahani, ni kikapu. Wanafunzi wakaanza kucheka, wanajua mwalimu akiotea anavyokuwa, na mimi ninawafahamu, ndio wanaonioteaga kila siku.

Hapo ndipo shemeji yangu aliposimama. Na nataka muelewe, alisimama kuniokoa, aliona nahangaika na moyo wake mwema ukamtuma.

"Mzee, ameshika pazia," akasema Chacha. "Mimi ninaye hapa."

Akatoa kikunjo mfukoni mwa shati. Akamwomba jirani yake, hebu mura (kijana, kwa Kikurya), shika kofia nihamishe mzigo, akamwaga vumbi lake kwenye kofia kwa uangalifu wote, akaikunjua karatasi, akainyanyua juu ukumbi mzima uone, malkia na wahudumu wake na dhahabu tupu nyuma yao, mikunjo katikati ya nyuso. Na kana kwamba haitoshi, kwenye ukuta wa nyuma wengine watatu nao wakatoa za kwao, wakidhani labda ndio utaratibu wa siku hiyo.

Watu walicheka. Walicheka vibaya, mkuu wa shule hakucheka, na mimi nilitamani sakafu iwe duara nitumbukie.

Mwalimu Nyamhanga hakuuliza mtu yeyote kuna nini. Alinyoosha mikono, nikampa kitabu, akakilaza mapajani na kuanza kupitisha kidole chake katikati, kwenye mshono, ukurasa kwa ukurasa. Kicheko kikapungua, kikaisha. Ilichukua muda mrefu sana. Kila alipogusa kiukingo midomo yake ilikuwa inacheza.

"Kumi na saba," akasema. Kisha kwa sauti ya kwangu mimi tu, "Na umenyoosha, Bhoke. Mimi ndiye niliyekufundisha kutumia rula."

Nililia pale mbele, mbele ya wanafunzi niliowachapa kwa kuchora kwenye madawati.

Mkuu alitaka kuandika barua kwa wakubwa. Mwalimu akamkatalia, akasema adhabu yangu ataitoa yeye. Kila Jumamosi nipande basi niende Mugumu na daftari kubwa, anisimulie picha zilizokosekana, mimi niandike, daftari likae kabatini badala yake. Nne zilikuwa zimerudi siku ileile, zimebaki kumi na tatu. Nilikwenda. Tulikaa sebuleni kwake, mkewe akileta uji, yeye amefumba macho yasiyoona, ananitajia rangi ya soksi za askari, vidole vya mtakatifu, ndege mdogo kwenye kona ambaye mimi mwenye macho mawili niliyekata karatasi ile sikuwahi kumwona. Ndipo nikajua sikuwa nimekiangalia kile kitabu hata siku moja.

Tangu hapo nimeapa, na naapa tena mbele yenu, mtu akiniomba kitu kisicho changu nitasema sina, awe shemeji, awe mzee wa kanisa, aninunie mwaka mzima. Kununiwa kunapita.

Tulifika picha ya kumi. Jumamosi iliyofuata nikafungua daftari, nikanoa penseli, Mwalimu akasema basi, imetosha. Nikamwambia bado tatu. Akasema hizo tatu amezisahau, akamwita mkewe alete uji. Mtu ambaye alikuwa anakumbuka soksi za askari. Niliziacha kurasa tatu tupu mwishoni mwa daftari na ziko tupu mpaka leo, kwa sababu mwalimu wangu hakusahau kitu, aliamua tu kwamba mimi si wa kukabidhiwa vyote tena.