Usiku wa Ijumaa Pwani ya Munje

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniachia pumzi na kumbukumbu hadi nikastaafu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nawasimulia nyinyi vijana kazi niliyoifanya.

Siku yangu ya kwanza, ofisini Matuga, Mkuu wa Kituo cha kumbukumbu za kale alinikabidhi kinasa sauti, akaniambia kazi yetu ni kuwauliza wazee, si kuwafundisha. Tuliitwa wakusanyaji wa masimulizi. Aliyeona kwa macho yake tulimwita shahidi wa kwanza. Aliyesimuliwa, shahidi wa pili. Maneno ya shahidi wa pili hayakuandikwa kwenye bango la kumbukumbu tulilosimamisha penye tukio mpaka apatikane wa kuyathibitisha. Niliipenda sheria hiyo, na ndiyo iliyokuja kuniumiza.

Baadaye tulihamia Msambweni, ili tuweke bango Munje kuhusu shambulio lililoshindwa katika vita vya Mwingereza na Mjerumani. Waingereza walipanga kuivamia kambi ya Wajerumani: mashua zije kwa bahari, askari wa miguu wapite msituni, wakutane usiku wa Ijumaa. Mashua zilifika, askari wa miguu wakiwa bado mbali. Watu wakapigwa risasi majini, na wapagazi wengi hawakujua kuogelea. Rubani, yaani mwenyeji aliyezipitisha mashua mwambani, alinusurika. Wakubwa wake Waingereza wakamuua, wakisema amewasaliti.

Binti yake, Bi Mwanasha, alikuwa hai, mkongwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakitazama kinasa sauti na kusema kinakula betri kuliko yeye anavyokula muhogo. Kisha akanieleza aliyoyasikia kwa mama yake. Sisi tukisema usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi jua likishatua. Mzungu alikusudia Ijumaa yenyewe jua likishatua. Baba yake alizipeleka mashua Alhamisi jua likishatua, akijua ndio usiku aliotajiwa, siku nzima kabla ya askari wa miguu. Tangu hapo waliitwa kizazi cha msaliti, na yeye posa zake zilivunjika kwa jina hilo. Alichoomba ni neno hilo lisiandikwe.

Nilimfikishia Mkuu maneno yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Bi Mwanasha ni shahidi wa pili, hana wa kumthibitisha, na taarifa ya jeshi ipo. Nikambembeleza. Akakubali tufute "usaliti" tuandike "kosa la rubani". Nikarudi Munje nikidhani nimebeba habari njema.

"Kosa la nani, mwanangu?" aliniuliza. "Baba alizijua siku zake."

"Ni afadhali kuliko lile la kwanza, mama."

"Msaliti huenda wakamsamehe. Mjinga watamcheka tu."

Bango likasimamishwa. Hakwenda kulitazama. Alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata, na tuliolibeba jeneza tulikuwa wachache hata hatukuwa na wa kupokezana naye.

Sasa nimestaafu, na bango bado lipo. Wageni wakija kutoka pwani ya Galu, mimi huwasomea lilivyoandikwa, kisha nawaeleza habari ya usiku mbili zenye jina moja. Baadhi yao husikiliza. Wengine hulipiga picha wakaenda zao, na huko waendako rubani ni mkosaji. Nimeomba mara nyingi liandikwe upya. Naambiwa nisubiri, nami nasubiri.

Mwenyezi Mungu amrehemu rubani, binti yake, na wote waliozama. Na wewe unayesoma, akujaalie watu watakaokuuliza ulikusudia nini kabla hawajakuhukumu. Amina.