Kijiko cha Tatu

Jirani yangu akichoma bilinganya kwenye mkaa, mimi hufunga dirisha. Ananiona nina maringo, nami namwacha aamini hivyo. Harufu ile ya ganda linaloungua, pamoja na pilipili na ukwaju, hunirudisha kwetu upande wa Puge, mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, nikiwa na miaka minane.

Kina mama walikuwa wameruhusiwa kutengeneza pilipili ya kuuza kwenye duka la kijiji. Nyanya, karoti na bilinganya zilitoka bustani ya wote, ila kila mmoja alikuwa na mkono wake. Ambaye pilipili yake ingechaguliwa ndiye angekuwa mpishi, na mpishi hakwenda shamba la ujamaa. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imemvimba hata kandambili hazimwingii. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Tatizo likawa nani aamue, maana watu wazima walijuana mno. Mwenyekiti, Mzee Kasanda, mpenda haki mpaka kero, akasema aonje mtoto, tena afungwe macho. Akaninyooshea kidole mimi.

"Huyu?" Mama Zuhura, mwenye sufuria ya pili, akacheka. "Mwenyekiti, si atamchagua mama yake tu!"

Watu wakaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka kabla sijaonja chochote.

Wakanifunga khanga usoni, wakanilisha kwa kijiko vipande vya kiazi vilivyopakwa pilipili. Kijiko cha kwanza kilikuwa maji matupu. Cha pili kilikuwa kikali, basi. Cha tatu nilikijua kabla hakijafika mdomoni. Mama, mzaliwa wa Tabora mjini, ndiye peke yake aliyechoma bilinganya kwanza, kama alivyofundishwa na bibi. Ukali ulikuja polepole, halafu ukwaju, halafu utamu mdogo wa karoti wakati machozi yameshatoka. Ilikuwa nzuri, jamani. Sijala tena nzuri kama ile.

"Hii inanuka moshi," nikasema. "Nzuri ni ya pili."

"Mnaona?" Mzee Kasanda akanipigapiga begani. "Huyu hana upendeleo!"

Nikavimba kichwa. Nilipofunguliwa macho, mama alikuwa anafunika sufuria yake taratibu.

Jioni, tukila ugali, aliniuliza mara moja tu.

"Mwanangu, kweli inanuka moshi?"

"Ndiyo, mama."

Kesho yake alichukua jembe akaenda shamba la ujamaa na wenzake. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya wakati, hakumaliza siku mbili. Sisemi ni jembe lililomuua. Kusema si jembe nako siwezi.

Mama hakuchoma bilinganya tena. Alizimenya na kuzichemsha, na pilipili yake ikawa kama ya kila mtu. Niliila hiyo mpaka nilipoolewa, nikidhani ni adhabu yangu, na moyoni nikamlaumu kwa kuniwekea kinyongo. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, mama ameshazikwa. Hakuwa na kinyongo chochote. Aliniuliza, nikamjibu, naye akaniamini.