Tandiko la Jabez Pargeter na Daraja la Mfereji

Kuna watu wanaotengeneza matandiko ya farasi maisha yao yote bila kumpanda farasi hata mara moja, na mji wao unaitwa Walsall, karibu na Birmingham. Nimezunguka vya kutosha kujua kwamba hilo si jambo dogo. Nimekaa juu ya farasi wakorofi katika nyanda za Ajentina na juu ya nyumbu katika milima ya Peru, na zaidi ya mara moja nikiinua ubavu wa tandiko nimekuta muhuri wa Walsall umepigwa kwenye ngozi. Lakini nilipohamia mji wenyewe na kupanga chumba cha juu kwa akina Pargeter, sikumwona fundi hata mmoja aliyejua farasi anapandiwa upande gani. Wote walikwenda kwa miguu, au kwa tramu mvua ikinyesha.

Jabez Pargeter, mwenye nyumba wangu, alikuwa mmoja wao, na baba yake pia, na babu yake pia. Nilipomjua alikuwa mzee wa mabega mapana na vidole vyeusi kwa nta. Alizungumza kwa upande mmoja tu wa mdomo, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa wa kushikia sindano, hata siku ambazo hakuwa na sindano. Habari hii nimeisikia kwake na kwa mkewe Keziah, mara nyingi na kwa namna mbili. Pale wanapopingana nimemfuata Keziah.

Ilikuwa mwaka 1911. Jabez alikuwa na karakana yake nyuma ya nyumba, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na kazi ilikuwa imeanza kumkimbia. Vita vya Afrika Kusini vilikwisha zamani na jeshi halikutaka tena matandiko kwa mamia. Mabwana wenye magari ya farasi walikuwa wakinunua magari ya petroli. Kila mwezi fundi mmoja wa mtaa alifunga mlango wake na kwenda kuomba kazi kiwandani.

Kwa Jabez kulikuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi, na ndio uliomtisha. Kaka yake Keziah, Amos Tonks, alikuwa na duka la utumbo wa ng'ombe. Aliusafisha, akauchemsha, akauuza na vitunguu, na biashara ilimwendea vizuri. Amos alikuwa mtu mkarimu mno. Kila Jumapili, wakiwa mezani, alimkaribisha Jabez.

"Shemeji, njoo tu. Pipa lako la kuoshea lipo, linakusubiri."

"Nimeshiba, Amos."

"Sizungumzii chakula, nazungumzia maisha. Watu wataacha farasi, lakini matumbo yao watayaacha wapi?"

"Mimi ni fundi wa ngozi."

"Na utumbo ni nini? Si ngozi ya ndani?"

Keziah alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni, lakini aliona jinsi mumewe alivyoweka uma chini.

Mwanzoni mwa masika akaja Bwana Wilmot kutoka Birmingham. Alikuwa kijana aliyeunda pikipiki kwenye banda moja pamoja na ndugu zake, akaja juu ya mojawapo, akashuka, akatembea kuelekea karakana kama mtu aliyetoka kupigwa fimbo.

"Fundi," akasema, "nimeambiwa unajua makalio ya watu."

"Nayajua ya waungwana," Jabez akajibu. "Ya kwako sijayaona."

"Usiyaone. Yamekuwa ya rangi mbili."

Shida yake ilikuwa rahisi kueleza. Injini yake ilikuwa nzuri na mkanda wa ngozi uliozungusha gurudumu haukuteleza, lakini kiti kilikuwa kile cha baiskeli. Baiskeli huenda mwendo wa mtu. Pikipiki ilikwenda mwendo wa treni juu ya barabara za mawe, na kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Wateja walinunua mashine, wakaipanda wiki moja, kisha wakairudisha wakiwa wamesimama. Bwana Wilmot alitaka tandiko lenye springi. Angelipata zuri, angelinunua kwa mashine zake zote za mwaka ule, na za mwaka uliofuata. Asingelipata kwa Jabez, angekwenda kwa mwingine.

Jabez hakuwahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Alichagua ngozi ya mgongo wa ng'ombe, nene kama ubao, akailoweka mpaka ikalegea, akaivuta juu ya kalibu ya mbao na kuipigilia misumari pembeni. Ilipokauka ilikuwa na umbo la kiganja kilichokunjuka. Springi alizinunua kwa mafundi wa springi wa mji wa Redditch, nne nene za kukaa nyuma na mbili nyembamba za mbele, akazichagua laini kuliko zote walizokuwa nazo. Kwa Jabez tandiko zuri lilikuwa tandiko laini. Hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Alipomaliza alilifunga juu ya gogo katikati ya karakana, kama matandiko yote ya mtaa ule yalivyojaribiwa tangu enzi za babu yake. Ilikuwa desturi kila jirani aje akae na kutoa maoni. Walikuja. Mwashi alikaa akasema ni kama mapaja ya mama yake. Amos alikaa, akazama, akasema ni laini kuliko kitanda chake, na kwamba sasa ameelewa kwa nini halali vizuri. Keziah alikaa na bakuli la njegere za kumenya, na kabla hajafika katikati ya bakuli akasinzia.

"Umeona?" Jabez akawaambia wote. "Mke wangu hasinzii hata kanisani."

Bwana Wilmot alipokuja kulijaribu, mtaa mzima ulitoka nje. Alilifunga kwenye mashine, akaisukuma mbio, injini ikakohoa na kushika, akarukia juu. Alipokaa, uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyepewa asali. Akapunga mkono. Akashika njia ya daraja la mfereji.

Madaraja ya mifereji ya kule yamejengwa kwa matofali na yana nundu kali, maana yalijengwa ili mashua zipite chini, si ili mtu apite juu kwa haraka. Bwana Wilmot alipanda nundu kwa kasi. Tandiko likazama, likazama zaidi, mpaka likagusa fremu. Kisha likarudi.

Lilirudi na kila kitu lilichokuwa limekula. Watu walimwona Bwana Wilmot akipaa, miguu imeachana, kofia ikimtangulia. Mashine iliendelea chini yake peke yake. Alipotua hakutua kwenye tandiko. Alitua kwenye tangi la petroli, na sauti aliyoitoa, Keziah aliniambia, haikuwa ya kijana wala ya mzee, wala haikuwa ya mwanamume.

Alirudi akiikokota mashine. Jabez alisimama na sindano mdomoni, hakuweza kuitoa.

"Fundi," Bwana Wilmot akasema polepole, "umenitengenezea manati."

"Lilikuwa laini. Wote walikaa."

"Walikaa! Mimi nilikuwa nakwenda!" Akashusha pumzi. Alikuwa kijana mwema, ndiyo maana hakusema zaidi. "Mashine naiacha hapa, siwezi kuikalia. Narudi kwa treni, na nitasimama njia nzima. Jumamosi nitakuja. Likinirusha tena, nakwenda kwa fundi mwingine."

Alipoondoka, Amos alimwekea shemeji yake mkono begani.

"Aproni ninayo ya saizi yako," akasema, kwa upole wa kweli.

Jabez alijifungia karakanani. Alibadilisha springi, akaweka ngumu, tandiko likawa kama kigoda cha mbao. Akarudisha laini. Akaweka mbili laini na mbili ngumu, likaegemea upande kama mlevi. Kila mara alilirudisha juu ya gogo, akakaa juu yake, akabonyea, akaona hakuna tatizo. Siku ya tatu Keziah aliingia na chai, akamtazama akipanda na kushuka juu ya gogo lake lililosimama tuli.

"Jabez, umewahi kulipanda hilo dude?"

"Dude gani?"

"Hilo lenye magurudumu. Lililoegemezwa kwenye banda la njiwa."

"Mimi ni fundi, Keziah."

"Sijakuuliza kazi yako. Nimekuuliza kama umepanda."

"Baba yangu hakupanda farasi. Babu hakupanda."

"Basi kaa juu ya gogo kama wao, ukaoshe utumbo."

Alitoka nje kwa hasira, na hasira ndiyo iliyompandisha. Keziah alimsukuma kwa nyuma. Injini ikashika, Jabez akarukia juu akalala kifudifudi, akajinyanyua akakaa, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuuliza jinsi ya kuisimamisha.

"Sukuma kile kijiti!" Keziah akapiga kelele.

"Kipi?"

"Chochote!"

Alivuta kijiti, mashine ikaongeza mwendo.

Mtaa wao ulizunguka. Ulivuka mfereji kwa daraja la nundu, ukapita kanisa, ukavuka tena kwa daraja la pili, ukarudi mlangoni kwao. Jabez aliuzunguka wote. Daraja la kwanza lilimrusha akapoteza kofia. La pili lilimrusha akapoteza sindano. Alipopita mbele ya nyumba, Keziah aliona midomo yake ikienda, na kwa miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kuona pande zote mbili za mdomo ule zikifanya kazi kwa pamoja. Amos alikuwa ametoka nje ya duka lake na kisu mkononi.

"Shemeji! Shuka! Utumbo haumrushi mtu!"

Mzunguko wa pili, Jabez alipoiona nundu ikija, aliogopa kama mtu yeyote anavyoogopa. Mkono mmoja ukabaki kwenye usukani. Mwingine ukashuka wenyewe, ukashika pua ya tandiko pamoja na bomba la chuma lililo chini yake, ukavibana pamoja kwa nguvu zote za mtu aliyevuta uzi wa kitani tangu utotoni. Tandiko likazama. Alilisikia likizama, laini kama alivyolikusudia. Kisha likataka kupaa, na kiganja chake kikalizuia, likapanda taratibu kama unga uliotiwa hamira. Alivuka daraja akiwa amekaa.

Daraja la pili alilishika tena makusudi. Akavuka amekaa.

Basi alianza kucheka. Keziah alidhani amepata wazimu, maana alipita tena mbele ya nyumba akicheka, akapotelea kwenye kona, na injini ikanyamaza ghafla. Walimkuta mbele ya zizi la farasi wa kukodi, amezama kwenye lundo la majani makavu hadi kifuani, na farasi wawili wanamtazama kutoka juu ya lango.

"Umeumia?" Keziah akauliza.

"Linakwenda chini vizuri," Jabez akasema. "Chini halina kosa. Kosa ni kurudi. Juu ya gogo hakuna kurudi, Keziah. Mtu anakaa tu! Na juu ya farasi mtu ana mahali pa kukanyaga na anabana kwa magoti, mwili wake ndio unaozuia. Huyu kijana hana cha kubana. Lazima kitu kingine kibane kwa niaba yake."

"Toka kwanza kwenye majani ya watu."

Hakuzigusa tena zile springi laini. Aliongeza nyingine ndogo, zenye kulabu ncha zote mbili, akazifunga kinyume, kati ya tandiko na fremu, ili tandiko likitaka kupaa zilivute chini. Zilifanya kile kilichofanywa na kiganja chake. Ijumaa alizunguka mtaa tangu asubuhi, akivuka madaraja na mikono yote miwili kwenye usukani, akisimama kukaza hapa na kulegeza pale. Kijiti cha kusimamisha alikuwa ameshakijua. Watoto walimfuata, na Amos alifunga duka mapema ili apate kutazama.

Jumamosi Bwana Wilmot alikuja na mto chini ya kwapa. Alilitazama tandiko, akazigusa zile springi ndogo. Aliuweka mto chini, akaupigapiga, akauokota tena. Mwishowe akamwachia Keziah.

Akaondoka. Walisikia injini ikikaribia daraja, na haikupunguza mwendo. Jabez alifumba macho. Walisikia injini ikipanda nundu, ikishuka upande wa pili, ikaendelea, ikafifia, ikapotea.

Wakasubiri. Chai ikapoa.

"Ameanguka mferejini," Amos akasema. "Nikalete kamba?"

"Angeanguka tungesikia maji," Keziah akasema.

Jabez alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono katikati ya magoti. "Kama amekwenda kwa fundi mwingine juu ya tandiko langu," akasema, "basi na anirudishie tandiko tu."

Jua lilikuwa limeshavuka paa la kanisa waliposikia injini tena. Bwana Wilmot alikuwa amejaa matope hadi kwenye nyusi, na hakushuka. Aliizima mashine akabaki amekaa hapo hapo, kama mtu kwenye kiti chake cha nyumbani.

"Nimefika mpaka mji wa Lichfield," akasema. "Sikukusudia. Nilikuwa natafuta daraja baya, kila nikilivuka natafuta baya zaidi." Akamtazama Jabez. "Mashine zote. Mwaka huu na ujao. Utaweza?"

Jabez alifungua mdomo, upande mmoja, kisha mwingine. Alikuwa akivuta pumzi kama ndiye aliyerudi kutoka Lichfield.

Keziah akaona kwamba asipojibu mtu, kazi itapotea.

"Ataweza," akasema. "Ila Jumatatu hafanyi kazi."

"Jumatatu? Kwa nini?"

"Mafundi wa Walsall hawafanyi kazi Jumatatu, bwana. Hawajawahi. Jumatatu ni ya kushindanisha njiwa."

Bwana Wilmot akafikiri. "Na Jumanne?"

"Jumanne," Keziah akasema, "anaanza polepole."