Njoo Unipinge

Kabla hajawa diwani alikuwa fundi wa kushona, na ndiyo maana mpaka leo anaitwa Mama Cherehani, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli. Siasa aliianza kwa hasira, tusidanganyane. Mdogo wake alishikwa na uchungu, zahanati ya kata haikuwa na chumba cha kujifungulia, wakaanza safari ya kwenda hospitali kubwa, na mtoto akafia njiani. Wiki ile Mama Cherehani alimalizia gauni la mteja, akafunga duka, akaenda kuchukua fomu ya kugombea.

Akashinda. Lo, kushinda ndiko kulikuwa rahisi! Kwa miaka kumi hoja yake ya chumba hicho haikuwahi kupigiwa kura. Nani angejitia kuwapinga wajawazito hadharani? Wenzake walichomoka tu. Madiwani walikuwa ishirini na watatu, na kanuni zilitaka kumi na wawili wawemo ukumbini ndipo kura ipigwe. Hoja yake ikikaribia, mmoja kaitwa na simu, mwingine tumbo linamsokota, wa tatu anakwenda kumwangalia wa pili. Mwenyekiti anahesabu vichwa, anatikisa chake: "Akidi haijatimia. Tunaahirisha."

Kikao cha mwisho kabla ya uchaguzi, mdogo wake alikaa kwenye benchi la wananchi kama kawaida. Vichwa vikahesabiwa. Kumi na mmoja.

"Mwenyekiti, naomba dakika ishirini," alisema Mama Cherehani.

"Za nini?"

"Za kukutafutia mmoja."

Alijua pa kumpata. Diwani wa kata jirani alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya ukumbi. Hawakuwa wamesalimiana kwa miaka minne, maana fedha alizozitaka mama kwa chumba, seremala alizitaka kwa paa la soko. Akamkuta anapiga randa ubao wa mlango.

"Kura yangu hupati," seremala alisema bila kuinua macho, "hata ulie."

"Nani kaiomba? Njoo unipinge."

Randa ikasimama.

"Miaka kumi nashindwa na viti vitupu, baba, nimechoka! Nikishindwa na mtu mwenye mdomo wake, nitakubali yaishe. Lakini uje, ukae, useme."

"Nikija nitakusema vibaya."

"Uliwahi kunisema vizuri lini?"

Seremala alitaka kukunja uso, kicheko kikamponyoka. "Haya, tangulia. Navaa shati."

"Sitangulii popote. Vaa, nakungoja."

Basi alimsema kweli. Robo saa nzima seremala alinguruma, paa la soko akalitaja mara saba, na cherehani pia hakuisahau. Mama Cherehani alikaa mikono mapajani, kila tusi likimchoma, macho yake mlangoni. Hakuna aliyetoka. Simu hazikuita, matumbo yalipona ghafla; ugomvi wa wawili wale nani angekubali kuukosa? Walipokumbuka kuchomoka, mwenyekiti alikuwa ameshawaambia wainue mikono.

Saba waliunga mkono. Watano walipinga. Katibu alirudia kuhesabu, kwa sababu hata yeye hakuamini, kisha akasoma kwamba hoja imepita.

Mama Cherehani hakushangilia. Alikusanya makaratasi yake, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la wananchi, akamshika mdogo wake mkono wakatoka nje. Machozi yalikuwa yamemziba macho yule mdogo, hakuwa ameona mikono ya nani ilikwenda wapi.

"Dada, yule seremala naye katupa kura?"

"Thubutu! Kapinga mpaka dakika ya mwisho," alisema Mama Cherehani, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Mungu amzidishie."