Siku Modemu Ilipokataa Kuonekana, Nikaonekana Mimi

Naanza kwa kukiri, kwa sababu mkienda kuulizia kule Mishomoroni mtaambiwa tu, tena kwa kutiwa chumvi: ile nyumba ambayo bwana harusi alikaa na kanzu yake akitazama kompyuta ikitengenezwa kwenye tivii badala ya kuozwa, fundi alikuwa mimi. Na yule mtu ambaye mpaka leo akipita mbele ya baraza ya Bi Maimuna huitwa kwa jina ambalo hakupewa na wazazi wake, ni mimi vilevile. Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Mimi ni karani wa ghala kule Changamwe, karibu na Airport, kazi yangu ni kuandika mizigo inayoingia na inayotoka, lakini huku mtaani Kisauni najulikana kuwa mtu wa kompyuta, na sifa hiyo, wallahi, nilijipa mwenyewe. Ilianza nilipoweka Linux kwenye laptopu yangu (Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, una mambo yake, na sisi tunaoutumia tuna ugonjwa mmoja, hatuwezi kukaa na mtu dakika tano bila kumwambia kwamba tunautumia).

Basi, jirani yetu Mwanaisha akawa anaolewa. Babake, Mzee Shee, ni dereva wa lori kule Muscat, mwaka wa nne huo hajatia mguu nyumbani, na likizo aliyoahidiwa ikaahirishwa wakati kadi zishagawanywa. Maalim wa kufungisha akasema hakuna taabu, baba atapiga simu mbele ya mashahidi amkabidhi nduguye, Ami Bakari, uwakili wa kumuoza binti, mambo yaishe. Lakini Mwanaisha akaanza kulia. "Sitaki sauti tupu," akasema, "nataka nimuone babangu akiniozesha." Na Bi Maimuna, nyanyake, aliyemzaa huyo Mzee Shee, aliiangalia tu picha ya mwanawe pale ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa nao na kikombe changu cha kahawa (aliyenimiminia ni Rukia, mdogo wake Mwanaisha), nikausikia mdomo wangu ukisema: "Niachieni mimi. Nitamleta kwenye tivii, mkubwa kama mlango."

Rukia akanitazama. Kwa sasa nitaishia hapo.

Tukapanga. Mzee Shee angekuwa na nusu saa tu, kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na moja alasiri kwa saa zetu, kati ya safari moja na nyingine, na baada ya hapo anashika barabara ya jangwani ambako simu haishiki. Tivii nitaiweka mlangoni, kati ya sebule watakapokaa wanaume na ua watakapokaa wanawake, niigeuze upandeupande ili kila mtu aone, na laptopu yangu iungwe kwa waya kwenye hiyo tivii, kila ninachokifanya kionekane pale. (Hilo la kila ninachokifanya kionekane pale, liwekeni kando, tutalirudia.) Intaneti nayo ni ya modemu yangu, kile kidude cha kuchomeka chenye laini ya simu ndani, nilichokinunua Kongowea kwa muuza vifaa vya mtumba na kisichowahi kuniangusha hata siku moja.

Sasa sikieni ujinga wangu. Asubuhi ya siku yenyewe, badala ya kuiacha laptopu ilivyo, nikasema niisafishe kidogo iwe nyepesi, isije ikakwama mbele ya watu. Nikaiamuru ijisafishe. Ikaniletea orodha ndefu ya vitu, ikasema hivi naona havina kazi tena, nivitoe? Mimi hata sikusoma, nikabonyeza ndiyo, kama mtu anavyoitikia amina huku akili yake iko kwenye sufuria ya pilau. Ikatoa. Nikaifunga, nikaenda kupiga pasi kanzu.

Saa kumi na robo nyumba imejaa. Bwana harusi, Swaleh, amekaa mkekani na jasho linamtiririka, Maalim yuko na kitabu chake, Ami Bakari na mashahidi wako tayari, na uani akina mama wamejipanga, Bi Maimuna kiti cha mbele kabisa, Mwanaisha ndani ya buibui lake la harusi, na mamangu mzazi pembeni akiwaambia wenziwe, "Yule ni mwanangu," tena kwa sauti ambayo Bamburi walisikia. Naongeza kidogo, lakini si sana.

Kabla sijawasha, akanijia Mutiso. Mutiso ni mpangaji wao wa chumba cha uani, mtu wa bara, anafanya kazi bandarini, kijana mpole. Akaninong'oneza, "Msee, si utumie tu hotspoti ya simu yangu? Niko na bando mob, halitaisha leo."

Laiti ningesema ahsante. Nikamjibu kwa sauti ya juu, kusudi Rukia asikie, "Ndugu yangu Mutiso, hii ni nikaha, si mpira. Hapa panataka mtambo!" Watu wakacheka. Mutiso akarudi akakaa, hakuteta.

Nikachomeka modemu. Kimya. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka tundu la pili. Kimya. Tundu la tatu. Taa ya modemu inawaka nyekundu, lakini ukitazama laptopu, hakuna modemu, hakuna laini, hakuna chochote, ni kama nimechomeka kijiti cha mswaki. Nikazima laptopu nikaiwasha upya, na kwa vile imeungwa na tivii, harusi nzima ikakaa kuitazama ikiwaka, Ami Bakari akiuliza, "Hapo ndipo Muscat?"

"Bado, Ami. Hapo ni hapahapa."

Saa kumi na nusu ikapiga. Simu ya Ami Bakari ikaita, Mzee Shee huyo, kwa sauti tu, anasema yuko tayari, ameegesha lori, amevaa kofia, mbona hawaoni? Mimi nikasema kwa mkogo, "Mwambie dakika mbili," nikafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, maandishi meupe yakajaa tivii yote, na uani nikasikia mama mmoja akimuuliza mwenziwe kama ile ni dua. Nikaiambia laptopu initajie kila kitu kilichochomekwa. Kabla ya kukubali kugusa mambo mazito, Linux hukuuliza paswadi, na unapoiandika haionekani hata nukta moja, ni siri yako. Nikaiandika, ikakubali, ikanitajia. Kipanya kipo. Kamera ipo. Na pale nilipotarajia modemu, imeandikwa diski.

Diski! Hapo ndipo nilipokumbuka. Modemu za aina hii zikichomekwa tu hujifanya ni diski, na kuna kijiprogramu kidogo ndani ya Linux ambacho kazi yake ni moja tu, kuiambia modemu wacha mchezo, kuwa modemu. Na kijiprogramu hicho nilikiona, ndiyo, nilikiona kwa jicho la upande asubuhi ileile, katikati ya ile orodha ya vitu visivyo na kazi. Nilikitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Kukirudisha ni rahisi, unakichukua tu kwenye intaneti. Na intaneti niliyonayo ni ipi? Ni ya modemu.

"Vipi, fundi?" Maalim akauliza, na lile neno fundi alilitamka polepole.

"Karibu, Maalim."

Saa kumi na dakika arobaini na mbili. Mzee Shee bado yuko kwenye simu anauliza kuna nini, Mwanaisha ameshaanza kufuta machozi na wanja unamwagika, na mtu mmoja akashauri niipige modemu kidogo, na msinicheke, niliipiga. Sikuwa na njia tena. Nikainuka, nikapita katikati ya watu mpaka alipokaa Mutiso, nikainama. "Ndugu yangu," nikamwambia, "nipe hiyo hotspoti dakika mbili tu. Nataka kuitengeneza modemu."

Mutiso hakusema nilikuambia. Aliwasha tu, akanipa paswadi yake (jina la ng'ombe wao wa kwao), na papo hapo laptopu ikashika intaneti, safi, nguvu zote. Nami, kwa furaha, nikarudi mbio kwenye kiti changu, nikafungua tena ule ukurasa mweusi na kuandika amri ya kukirudisha kijiprogramu, ili modemu ipone, ili nipate intaneti. Mmeona? Mimi sikuona.

Basi nilipomaliza kuandika amri, vidole vikasubiri kuulizwa paswadi kama kawaida. Sasa, Linux ukishaipa paswadi mara moja hukuamini kwa muda, haikuulizi tena. Nalijua hilo miaka yote. Lakini dakika ile Rukia alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ameshika sinia ya haluwa, ananitazama kwa huruma, na mimi namtazama yeye, sitazami tivii, na vidole vikaenda vyenyewe vikaandika paswadi yangu na kubonyeza. Haikufichwa, maana hakuna aliyeiomba. Ikatoka pale, maandishi meupe kwenye tivii nyeusi, makubwa kama mlango: rukiawangu. Na chini yake laptopu ikalirudia, rukiawangu, ikaongeza Kiingereza chake.

Nilimsikia mtu akimeza mate, nadhani ni mimi.

"Rukia wangu," akasoma Mutiso, taratibu, kama mtu anayesoma bango.

"Na hicho Kizungu chasemaje?" akauliza Ami Bakari.

Maalim akavaa miwani. Akasogea, akasoma, akaivua. "Inasema haijampata."

Wallahi kicheko kilichotoka uani sijapata kukisikia tena. Sinia ya haluwa ilianguka, Rukia hakuonekana tena, na mamangu, yule wa "yule ni mwanangu," alijifunika leso kichwa kizima. Swaleh, bwana harusi, ndiye pekee niliyemfurahisha, jasho lilimkauka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, haikupasuka, nikaendelea kukodolea macho ile amri inavyopakua, kana kwamba modemu ikipona watu watasahau.

Ndipo Bi Maimuna akainua mkono, watu wakanyamaza. "Ndoo hapa, mwanangu," akaniita. Nikaenda, nikachutama mbele yake.

"Hiyo intaneti ya huyu Mutiso, imefika kwenye mashini yako?"

"Naam, bibi, imefika."

"Waitumia kufanyia nini?"

"Natengeneza modemu, bibi."

"Ili upate nini?"

Nikamtazama Bi Maimuna, naye akanitazama bila kupepesa, na nawaambia kweli, siri yangu kuwekwa kwenye tivii kulinichoma, lakini swali lile liliniunguza zaidi. "Intaneti," nikasema.

"Basi nipigie mwanangu," akasema.

Saa kumi na dakika arobaini na tisa Mzee Shee akatokea kwenye tivii, kofia kichwani, usukani wa lori nyuma yake. Bi Maimuna alinyanyuka kitini. "Mwanangu, umekonda," akasema, na yule mzee mzima akalia mbele yetu sote, Mwanaisha naye akalia, safari hii kwa furaha, na mimi nikalia, kwa aibu na kwa furaha vilevile, sikujua nifute machozi yapi kwanza. Mzee Shee akamkabidhi nduguye uwakili, mashahidi wakamwona kwa macho yao, Maalim akasoma, Swaleh akajibu "nimekubali" kwa sauti ya kuvunja dirisha, vigelegele vikapaa, na hapo hapo, nikitupa jicho kwenye laptopu, nikaiona modemu inawaka kijani. Imetambulika. Yenyewe tu, wakati hakuna mtu aliyeitaka. Nikaichomoa nikaitia mfukoni.

Zikabaki dakika mbili. "Nani aliyenileta?" akauliza Mzee Shee. "Nimshukuru."

"Mutiso," nikasema haraka.

"Na huyu," akasema Bi Maimuna, akinisukuma mbele ya kamera, "huyu Rukia Wangu."

Mzee Shee akakunja uso. "Rukia wangu nani?"

Maalim akakohoa. "Ameandika mwenyewe, Mzee Shee. Sote tumeshuhudia."

Alinitazama kutoka Muscat. "Kijana," akasema, "kwetu mambo haya hayaandikwi kwenye tivii. Nikija likizo, mlete mamako na wazee wako, mkae chini, mseme. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee."

"Na usije na mitambo." Akakata, akashika barabara yake.

Rukia hakunisemesha wiki mbili, na alikuwa na haki, kwa vile na yeye alifedheheshwa bila kuulizwa. Siku ya kumi na tano ukaja ujumbe: "Umebadilisha paswadi?" Nikamjibu nimebadilisha. Akauliza nimeweka nini, nikamwambia paswadi haambiwi mtu. Akajibu, "Kumbe hilo unalijua?"

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitasafisha kompyuta siku ya kazi, sitasema ndiyo kwa orodha ambayo sijaisoma, na mtu akinipa hotspoti nitasema ahsante. Modemu nimempa Mutiso, anasema kwao itafaa. Mzee Shee anashuka mwezi ujao inshallah. Mamangu keshanunua leso mpya ya kwendea, na kila jioni kabla ya kulala hunipitia chumbani kuhakikisha ile laptopu imefungwa.