Mshenga Aliyevaa Misuli ya Sponji

Baba wa binti niliyekwenda kumposea ndugu yangu alinikata nguo mgongoni kwa mkasi wake wa kazi, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, mbele ya dada yake na shemeji yake, nikiwa nimeinama na kushika kiti, na wakati huo nilikuwa bado sijamaliza kuposa. Nasema mapema ili anayetaka kucheka aanze. Aibu ni yangu na sina wa kumsingizia. Kazi yangu ni kuandika ripoti za ajali kwenye kampuni ya bima hapa Sandton, kwa hiyo nitaieleza hii kama ninavyozieleza za watu wengine, kwa mpangilio, ingawa ajali yenyewe haikuwa na mpangilio wowote.

Ndugu yangu ni Deo, mtoto wa baba yangu mdogo. Anaendesha teksi hapa Johannesburg, na anampenda Furaha, msusi wa Bellevue, ambaye familia yake imetoka Bukavu. Mara ya kwanza Deo alimtuma rafiki yake akapose. Rafiki akafika amechelewa, simu yake ikalia katikati ya maombi, akaipokea, tena akacheka nayo. Papa Furaha (ndivyo wanavyomwita baba wa binti, fundi cherehani, mtu ambaye sijamsikia akipandisha sauti) alimsindikiza mpaka getini na kumwambia, "Mutarudi mara moja tu. Mulete mutu muzima. Akikuja tena mutu wa muchezo, tunafunga hii mulango."

Deo akanijia mimi. Sababu aliyonipa ni kwamba hajawahi kuniona nikifanya mzaha. Niliichukua kama sifa.

Tulipewa Ijumaa jioni, na Ijumaa hiyohiyo ofisini kwetu kulikuwa na sherehe ya Halloween kwa watoto wa wafanyakazi, ambapo kila mzazi alitakiwa avae kama mtu wa kwenye katuni au sinema za mashujaa. (Nimekulia Morogoro, mambo ya mtu mzima kuvaa kinyago saa nane mchana bado yananipa taabu.) Vazi alilichagua binti yangu Neema, wa darasa la kwanza, anayeelewa Kiswahili changu chote lakini hunijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Tulilikodi dukani: la kijani, la kubana, lenye misuli ya sponji kuanzia mabegani mpaka tumboni, joho la njano, na nyota ya plastiki kifuani ambayo ukiibonyeza inawaka na kutamka kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "Msiogope! Nimefika kuwaokoa!" Neema alinitajia jina la shujaa mwenyewe zaidi ya mara moja. Sikulishika.

"Sharp, Baba," akaniambia, na kwa mtoto wa Johannesburg hilo ni baraka.

Sherehe ilikwenda vizuri. Mama yake akaja kumchukua, mimi nikaingia chooni na mfuko wa suti yangu ili nibadilishe. Joho likatoka. Kinyago kikatoka. Zipu ya mgongoni ikashuka kidole kimoja, ikang'ata kitambaa, ikabaki hapo. Mwenzangu wa ofisini akaivuta mpaka akatoka jasho. Deo, aliyekuja kunichukua, akaivuta kwenye maegesho akiwa ameweka goti lake mgongoni mwangu, huku mlinzi anatutazama na kuamua kwamba hayamhusu.

"Kaka, tuikate."

"Ni ya kukodi," nikasema.

Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kabisa. Nilivaa shati jeupe juu ya misuli, nikafunga tai, nikavaa suruali ya suti na koti, ambalo halikukubali kufungwa kifungo, na nikajiambia kwamba mtu anayekwenda kukaa na kuzungumza kwa adabu hahitaji kuvua chochote. Kwa desturi tungekwenda wawili, lakini mzee tuliyempanga alipangiwa zamu ya ulinzi Midrand. Mvua ilikuwa inakuja, robot za njiani, yaani taa za kuongozea magari, zimezimika, na kwenye makutano kila dereva alijifanya yeye ndiye askari. Deo alinishusha getini na kubaki ndani ya gari. Alikuwa anatafuna kucha.

Nyumba ni ya zamani, imegawanywa vyumba, na sebule ya familia hiyo ndiyo pia karakana ya Papa Furaha, cherehani pembeni na nguo za wateja zimening'inia ukutani. Walikuwepo watatu: yeye, dada yake Tantine Odile (tantine kwao ni shangazi), na Mjomba Bisimwa, kaka wa mama yake Furaha, ambaye alikaa mkabala na mlango kama mtu wa uhamiaji. Mama huyo na Furaha mwenyewe walikuwa jikoni wakisikiliza.

Papa Furaha hakunitazama usoni. Alitazama mabega.

"Hii koti ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Koti ni yako," akasema taratibu. "Mwili ndio haiko yako."

Kabla sijatafuta jibu, Tantine Odile alikuwa amenikumbatia kwa furaha ya kweli, kifua kwa kifua, na kutoka katikati yetu ikatoka sauti yenye mafua, kwa Kiingereza: msiogope, nimefika kuwaokoa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ni simu," nikasema.

"Simu yako inajisifu, eh!"

"Tafadhali uizime," akasema Papa Furaha, na nilijua anamkumbuka nani. Nikaitoa simu mfukoni, nikaizima wakiona, nikaiweka mezani. (Mtu mwongo hujifungia mlango kwa funguo zake mwenyewe, mimi niliuwekea na kufuli juu.)

Tukaomba, tukaketi. Joto lilikuwa la kabla ya mvua, na chini ya sponji nilikuwa naiva. Tantine Odile akaniambia, "Papa, vula koti, joto iko mingi." Nikasema nasikia baridi. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka kwenye kidevu changu juu ya tai. Hakuna aliyebisha, walilitazama tu tone likidondoka.

Nikaanza kuposa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, sauti ikatulia, nikaona hata Mjomba Bisimwa anaitikia kidogo kwa kichwa. Nikasema sisi ni watu wa kawaida, hatukuja na makuu, tumekuja kwa moyo mweupe. Na niliposema moyo mweupe, mkono ukaenda wenyewe kifuani.

"Msiogope! Nimefika kuwaokoa!"

Simu ilikuwa mezani. Wote wanne tuliitazama.

"Kutuokoa na nani?" akauliza Mjomba Bisimwa.

Hapo ngurumo ikapiga na umeme ukakatika. Ningependa kuripoti kwamba giza lilinisaidia. Ndani ya shati langu jeupe iliwaka nyota ya kijani, kubwa kama sahani ya chai, ikimulika nyuso zao kutokea chini. Jikoni mtu alidondosha sufuria. Tantine Odile akaanza kulitaja jina la Yesu kwa Kifaransa.

"Bwana mushenga," akasema Papa Furaha, kwa sauti ileile ya chini, "ni nini ile inawaka?"

Nikaeleza yote: mtoto, sherehe, zipu. Ukisimulia kitu kama hicho kwa heshima, kinazidi kuwa kibaya. Nilipomaliza, akawasha taa ya betri, akanivua koti mwenyewe na kuliweka kwenye hanga, kisha shati. Tantine Odile akageukia ukuta. Papa Furaha akaijaribu ile zipu kwa sabuni, kwa mshumaa, kwa koleo, akanong'ona na zipu kwa lugha ya kwao, na mwishowe akakubali kwamba imeshindikana. Akachukua mkasi.

"Ni ya kukodi," nikasema tena. Sijui kwa nini.

Akakata.

Shati langu lilikuwa limelowa, haliwezi kuvaliwa, kwa hiyo akanipa la kwake, la kitenge, lililopigwa pasi. Nikaketi tena, mwembamba, na nikaposa upya kuanzia mwanzo. Safari hii nilifika mwisho. Nilitaja jina la Deo, nikaeleza kazi yake, tabia yake, na jinsi alivyokaa nje kwenye mvua bila kupiga hata honi. Papa Furaha alisikiliza macho yakiwa chini, na Tantine Odile alifuta machozi (ya nini, sikuuliza). Nilidhani tumevuka.

"Mimi niko na swali," akasema Mjomba Bisimwa. "Huyu amevaa shati ya nani?"

"Yangu," akajibu Papa Furaha.

"Basi. Mutu mwenye kuvaa shati ya baba ya binti ni mutu wa kwetu. Mutu wa kwetu anaposa kwetu namna gani? Haya maneno yote, ni nani amesema?"

"Bisimwa!" Tantine Odile akageuka. "Mwanaume alikuwa uchi!"

"Angesema akiwa uchi. Uchi ni yake."

Walibishana mpaka umeme ukarudi. Mimi sikuruhusiwa kuchangia, kwa sababu ubishi wenyewe ulikuwa juu ya mimi ni wa upande gani. Mwisho Papa Furaha akasema watakaa kama familia, waamue kwanza kama tumesikika, ndipo waamue jibu. Akanisindikiza mpaka getini. Vazi akalibakiza. Nilipoingia kwenye gari Deo alitazama kitenge, akatazama kifua changu, akauliza, "Wamekubali?"

"Wamenipa shati," nikasema.

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba sitavaa nguo ambayo zipu yake siifikii kwa mkono wangu mwenyewe, na Neema amearifiwa. Duka nimelilipa. Shati la Papa Furaha nimelifua, limening'inia nyuma ya mlango wangu, kwa sababu mshenga haendi bila kuitwa, na nisipolirudisha mimi bado ni mtu wao.

Hawajaita. Furaha anasema baba yake analishona upya lile vazi la kijani jioni akimaliza kazi za wateja, zipu ameihamishia mbele, na nyota ameitia betri mpya. Alipomuuliza ni la nani, hakujibu. Na juzi alimtuma Furaha kwa Deo na futi ya kupimia: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mikono. Deo ana uhakika ni suti ya harusi. Nilimpigia Furaha nikamuuliza kama ameona kitambaa ni cha rangi gani.

Hajakiona.