Chembe Arobaini na Saba

Bi Unywele alikuwa mjane wa fundi wa kukereza vyuma, na yeye mwenyewe alikuwa fundi kumpita marehemu, ingawa shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndoo kichwani. Inzi akitua kwenye shafti aliyoimaliza yeye, aliteleza akavunjika kiuno. Watu wa mtaa ule watakuapia. Mbu akimuuma, kabla ya kumpiga kofi alimwambia kwanza mwiba wake una unene gani. Na siku ya harusi, bwana harusi alipomshika mkono mbele za watu, yeye alimnong'oneza, "Kidole kimenenepa tangu juzi. Chembe mbili."

Chembe ndicho kipimo walichokijua wao wawili. Chukua inchi moja, ikate vipande elfu. Kimoja ndicho chembe. Karatasi ya kusokotea sigara ina unene wa chembe moja. Unywele wake yeye ulikuwa chembe tatu, na jina lilitoka hapo, maana kila alipokuwa na shaka na kipimo aling'oa mmoja kichwani akauchomeka penye pengo. Mashine yake ya kukereza ilikuwa kuukuu, nyeusi kwa grisi, magurudumu yake yamechongwa namba za inchi. Miaka saba tangu mumewe azikwe alikula kwa mashine ile, akavaa kwa mashine ile, na aliisema vizuri kuliko alivyomsema mtu yeyote wa ukoo ule.

Hasa shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, mtaa mzima walimwita Cheti. Alirudi kutoka chuo cha ufundi na cheti, akakitia kwenye fremu, na fremu akaipigilia kwenye msumari ambao Bi Unywele alikuwa akitundikia aproni yake. Nyuma ya cheti ikaja mashine mpya ya kijani, magurudumu yote milimita. Karakana yenyewe ni chumba kimoja. Mashine mbili zikasimama zimepeana migongo kama wake wenza, na ukitaka kupita katikati sharti uvute tumbo.

"Shemeji, gofu lako liondoke," Cheti akasema. "Dunia imehamia kwenye milimita."

"Imehama lini? Mbona sikuona mizigo?"

"Ungeonaje, na kusoma hujui?"

"Na wewe uliyesoma, umekereza nini mpaka leo? Fremu?"

Baba mkwe, mwenye karakana, alikuwa akishinda mlangoni kwenye kiti cha plastiki, amechoshwa na kelele zao hadi masikio yanamuwasha. Akakata shauri. Kazi kubwa ya kwanza itakayoingia ataifanya Cheti. Ikikaa sawa, mashine kuukuu inakwenda kwa watu wa vyuma chakavu siku hiyo hiyo. Isipokaa, haigusi mtu tena.

Bi Unywele hakulala vizuri wiki nzima. Bila mashine ile angekuwa nani pale? Mjane wa kufagia mabanzi ya chuma nyuma ya shemeji.

Kazi ikaja Jumanne asubuhi. Mwenye kinu cha kusaga nafaka, ng'ambo ya barabara, mwanamke mpana mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe, aliingia na shafti iliyolika kama mfupa uliopita kwa mbwa watatu. Begani alibeba mche mpya wa chuma, mmoja tu.

"Puli, gurudumu la mkanda, imebaki ukutani kwangu, haibebeki," akasema. "Tundu lake ni inchi tatu kamili, limeandikwa ubavuni. Nina foleni ya watu wenye magunia na matusi. Nani ananikerezea?"

"Mimi, mama," Cheti akajibu, na papo hapo akampigia simu mwenye lori la vyuma chakavu. Lori likaja, likarudi nyuma hadi mlangoni, likashusha bodi lake tayari kama mtu aliyefungua kinywa kusubiri tonge.

Sasa Cheti akasimama mbele ya mashine yake ya kijani, akakuna kidevu. Mashine haijui inchi. Na ile namba ya chuoni ya kugeuzia inchi kuwa milimita ilikuwa imemtoka kichwani. Kuuliza? Hata kwa dawa.

"Aa," akasema. "Si wewe, shemeji, unayeimba kila siku kwamba chembe nne ni sawa na sehemu moja ya kumi ya milimita?"

"Naimba kwa vitu vidogo. Pengo la beringi. Unene wa kucha."

"Chembe ni chembe. Inchi tatu ni chembe elfu tatu. Gawanya kwa nne, unapata mia saba na hamsini. Hizo ni milimita sabini na tano. Umeona kichwa kinavyofanya kazi?"

"Na makombo?"

"Makombo gani?"

Makombo yalikuwepo. Katika kila chembe nne kuna kisazo kidogo kinachobaki, kidogo hata Bi Unywele mwenyewe hakuwahi kukiona. Kwenye pengo la beringi hakimdhuru mtu. Lakini ukifika inchi nzima visazo vimejikusanya vimekuwa kama chembe kumi na sita, na kwa inchi tatu ni chembe arobaini na saba. Hakuyajua hayo kwa kitabu. Aliyajua kwa sababu zamani yalimharibia puli ya mteja, na mumewe akakaa siku tatu bila kumsemesha. Akafungua kinywa aeleze.

"Makombo wape kuku," Cheti akamkata. "Na mdomo wako uweke mbali na mashine yangu."

Akaufunga.

Mashine ya kijani ikanguruma, mabanzi yakaanza kudondoka yakifuka moshi. Bi Unywele alisimama kando, mkono mfukoni mwa aproni, na mfukoni mlikuwa na kalipa yake ya kupimia unene, aliyoifungua inchi tatu tangu mwenye kinu alipotamka. Chuma kikapungua. Kikafika mahali pake, pale pale ambapo kingeingia kwenye tundu kwa kusukumwa na kiganja. Alipaona kwa jicho tupu. Neno moja tu, "Simama," lingetosha.

Cheti akazungusha gurudumu, akala chuma zaidi. Naye Bi Unywele akatazama fremu ukutani, akahesabu kimya: kumi... ishirini... thelathini... Ilipofika arobaini na saba akatabasamu, tabasamu jembamba ambalo hata yeye angepata shida kulipima.

"Sabini na tano kamili!" Cheti akatangaza, akiibusu maikrometa yake. "Lipakieni gofu."

"Kwanza kinu," baba mkwe akasema, akainuka.

Wakavuka barabara wote, na dereva wa lori nyuma yao. Foleni ya magunia ikawapisha. Cheti akaielekeza shafti kwenye tundu la puli, akaisukuma kwa madaha. Haikusukumika, ilitumbukia. Ikacheza ndani huku na huku ikilia kama kijiko katika sufuria tupu.

"Hii nini?" mwenye kinu akauliza. "Nimekuletea chuma unitengenezee kengele?"

Foleni ikacheka hadi magunia yakadondoka. Cheti akasema tundu ndilo kubwa. Akasema maandishi ya ubavuni ni ya uongo. Akasema joto la leo. Bi Unywele akapita mbele, akatoa bunda la karatasi za sigara, akachomeka moja moja pembeni mwa shafti mpaka ikaacha kucheza.

"Arobaini na saba," akasema. "Hesabu mwenyewe, msomi."

Baba mkwe hakutazama karatasi. Alimtazama yeye.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu alipogawanya."

"Ukamwacha aharibu chuma cha mteja."

"Alikuwa ananitoa, baba. Nimsaidie na kubeba?"

Mzee akapumua kwa pua. "Nilichosema nimesema. Mashine yako haigusi mtu. Ila chuma kingine utatoa wewe. Kile kilicho chumbani kwako, mlangoni."

Tabasamu likamkauka. Kile kipande mumewe alikianza, akaugua, hakukimaliza. Alama ya mkato wake wa mwisho ilikuwa bado inang'aa, na kwa miaka saba Bi Unywele alikipangusa kila Ijumaa. Lakini mwenye kinu alikuwa ameshika kiuno, na mzee hakuwa mtu wa kurudia neno.

Akakileta, akakifunga kwenye mashine yake. Kisu kilipoigusa alama ile, Cheti akainama karibu na sikio lake.

"Tazama vizuri, shemeji. Kaka anaondoka kwa mabanzi."

Bi Unywele akakereza mpaka inchi tatu kasoro chembe moja, akavuka barabara peke yake, akaisukuma shafti kwa kiganja, ikaingia polepole kama mguu kwenye soksi. Kinu kikaanza kuunguruma. Akarudi, akafagia mabanzi yote hadi ya uvunguni, akayamwaga kwenye bodi la lori ili dereva asiondoke mikono mitupu, kisha, akiielekezea kidole mashine ya kijani, akamwambia Cheti neno la mwisho walilowahi kusemeshana: "Barazani."

Mashine ya kijani iko barazani mpaka leo, chini ya turubai. Wateja wa Cheti wanaleta vitu vya inchi, wa Bi Unywele wanaleta vya milimita, na wawili wale, mita moja baina yao, wanazungumza kupitia kwa mzee.

"Baba, muulize huyo mwanamke, inchi moja na nusu ni milimita ngapi."

"Baba, mwambie huyo mwanamume, thelathini na nane na pointi moja. Na amwage uchafu wake upande wake."

"Baba, mwambie nimesikia."

"Baba, mwambie sikuwa nasema naye."

Mzee alikwisha acha kupeleka salamu hizo. Kila siku huinuka, hukisogeza kiti chake hatua mbili kuelekea barabarani, na kwa hesabu ya majirani, mwakani atakuwa anakaa kwa mwenye kinu.